Namba ya Mama kwenye Ruta Mbili

Ukitaka kumuudhi Hyasinta, mwambie kompyuta ni mambo ya vijana. Hatakugombeza. Atakutazama juu ya miwani, atauvuta mtandio wake begani, kisha atarudi kwenye kioo cha kompyuta yake, na wewe utabaki umesimama mlangoni kama uliyeingia kwa watu bila hodi. Wapo wanaume wazima pale Kariakoo, wenye maduka yao na vitambi vyao, waliomwomba radhi kwa kutazamwa hivyo tu.

Na kwa nini asiudhike? Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Masasi, mama yake Ritha, alikuwa akituma habari Hamburg na Bombay wakati hao vijana hawajaota hata meno. Alianza na teleksi, mwaka sabini na tano, katika shirika moja la umma lililokuwa likiuza korosho nje. Kwa wasioijua, teleksi ilikuwa mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na waya: unapiga maneno Dar, yanajichapa yenyewe Hamburg. Na ilikuwa na adabu zake. Kabla hujatuma neno hata moja unabonyeza kitufe cha kuuliza, wewe nani? Mashine ya upande wa pili, hata kama ofisi nzima imekwenda kula, inajitaja. Unasoma jina, unalinganisha na daftari, ndipo unatuma. Hyasinta aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane na hakuwahi kupeleka barua ya mtu kwa asiye mwenyewe.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Ruksa kuleta mitumba, ruksa kufungua benki, ruksa kupanga televisheni za rangi kando ya Msimbazi mpaka watu wakose pa kupita. Ikawa ruksa pia kuuza shirika zima na kuwaambia waliokuwa ndani yake kwamba wamepunguzwa. Hyasinta alipunguzwa mwaka tisini na tatu, siku ya Jumanne, pamoja na mashine yake. Mashine ilipata mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye alizunguka mjini miezi mitano na cheti chake ndani ya bahasha ya kaki, mpaka akapanda ngazi za jengo moja Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya pili, kwa mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na ofisi ya kupiga chapa, fotokopi na faksi.

Huyo mama ndiye Lilavati, mjane, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Hakukitazama cheti. Alimpa Hyasinta kijitabu cha maelekezo ya faksi mpya iliyowashinda wafanyakazi wawili, akaenda zake kuchemsha chai. Aliporudi na vikombe, faksi ilikuwa inafanya kazi.

"Umesoma mpaka ukurasa wa mwisho?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Huko mwisho ndiko wanakoficha mambo."

"Basi keti tunywe chai," akasema Lilavati, na hayo ndiyo yakawa mahojiano ya kazi.

Walipendana hao wawili, japo ungewasikia kutoka ngazini ungedhani ni ugomvi. Walibishana juu ya tangawizi kwenye chai, juu ya feni iwashwe au izimwe, juu ya Ritha, ambaye Lilavati alimdekeza kwa pipi za nazi na mama yake akazificha. Lilavati alimwita Mama Ritha. Yeye akamwita Mama Lila. Hakuna aliyewahi kusema kwamba anampenda mwenzake, ila siku Hyasinta aliposhikwa na malaria kali, Lilavati alifunga ofisi siku tatu, akakaa kando ya kitanda chake huko Buguruni, akilalamika kuhusu joto.

Intaneti ilipoingia mjini, Lilavati aliuza mashine za kupiga chapa, akanunua kompyuta, antena ya kuweka juu ya paa, na kisanduku kimoja cha kijivu kinachoitwa ruta. Kazi ya ruta ni kujua njia. Inawaambia jirani zake: mkitaka kufika kwa fulani, piteni kwangu. Hyasinta alikaa na kitabu chake chenye kurasa mia saba na kamusi pembeni, akakisoma kwa miezi minne, mpaka mwisho, na alipokimaliza akaanza upya. Katika mwaka mmoja alikuwa ameshawaunganisha wateja arobaini, kuanzia Gerezani hadi Ilala, na ndani ya soko lenyewe alifahamika kuliko mkusanya ushuru.

Siku ya kuiwasha ruta hiyo, Lilavati alipasua nazi mlangoni na kuipaka ruta nukta nyekundu usoni. Hyasinta, Mkatoliki wa Ndanda, alisubiri mpaka bosi amegeuka, akaipigia ishara ya msalaba. Kisha akasema kwamba kitabu kinataka ruta ipewe namba yake ya kujitambulisha, namba nne zenye nukta katikati.

"Mia na moja," Lilavati akajibu papo hapo. "Zote nne. Mia na moja, mia na moja, mia na moja, mia na moja."

"Kwa nini hiyo?"

"Sisi hatutoi zawadi ya mia kavu, Mama Ritha. Mia imefungwa, imekwisha. Ukiongeza moja, umefungua mlango. Mama yangu kila alipotubariki, harusi, mtihani, safari, aliweka mia na moja kwenye kiganja." Akaigusa ruta kwa kidole. "Weka hiyo."

Hyasinta akaiweka, akaandika kwenye daftari lake, na kazi ikaendelea.

Sasa, huyo mama wa mia na moja, mama yake Lilavati, alikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni Vasant, na Vasant alikuwa na kampuni ya mtandao huko Kisutu, kubwa mara tatu kuliko ya dada yake. Ndugu hawa walikuwa hawajasemezana tangu mwaka tisini na mbili. Mama yao alipofariki, Vasant aliuza duka la mama la vitambaa lililokuwa hapo hapo Kariakoo, bila kumuuliza Lilavati, kwa kuwa eti mwanamke aliyeolewa haulizwi. Lilavati alipita siku moja akakuta ukuta umevunjwa. Kuanzia hapo, mmoja akienda hekaluni asubuhi, mwingine anakwenda jioni. Vasant akawa anawaambia watu kwamba Lila ameitupa familia, ameyatupa na mafunzo ya mama. Lilavati akasikia, hakujibu, na pale ndipo alipokosea, lakini nani angemwambia?

Mwaka 2001 makampuni makubwa yenye fedha za kigeni yakaanza kuingia kwenye biashara ya intaneti, na wadogo wakaona watamezwa mmoja mmoja. Wanasheria wa pande mbili wakakaa, wakakubaliana kwa niaba ya ndugu wasiotazamana kwamba Kisutu na Kariakoo ziungane. Utsav, mtoto wa Vasant, kijana aliyesomea mambo hayo Pune, ndiye aliyeandika masharti. Mitandao miwili iunganishwe ndani ya juma moja. Ikifika Jumamosi saa sita mchana wateja wa Kariakoo hawaonekani kutoka Kisutu, wahamishiwe mitambo mipya ya Kisutu, chumba cha Mtaa wa Sikukuu kifungwe, na fundi wake ashukuriwe.

Kushukuriwa. Hyasinta alilijua neno hilo. Lilikuwamo hata kwenye barua ya mwaka tisini na tatu.

Waya wa kuunganisha ukawekwa Jumatatu. Shida ya kwanza ilikuwa kwamba mitandao hiyo ilifuata itifaki tofauti, yaani kila upande na utaratibu wake wa kupeana habari za njia, lakini hilo lilikuwa na dawa. Ruta ya Hyasinta ilikaa mpakani ikijua taratibu zote mbili. Kazi yake ikawa kuzichukua njia za Kariakoo na kuzitangaza Kisutu kwa utaratibu wa Kisutu, kila njia ikiwa imegongwa namba ya ruta iliyoileta, ili ijulikane habari imetoka kwa nani. Hyasinta aliandika maagizo hayo mistari kumi na miwili, akayasoma mara tatu, akabonyeza. Njia za Kisutu zikamiminika kwake, zote, hata ya Severine, yule mteja wao wa Feri anayeuza kamba wa baharini kwenye mahoteli. Lakini huko Kisutu haikuonekana hata njia moja ya Kariakoo.

"Kwako hakutoki kitu," Utsav akasema kwenye simu.

"Kwangu kunatoka. Naona kinatoka."

"Basi kinapotelea njiani, mama."

"Njiani pana waya tu, mwanangu. Waya haili."

Jumanne akabadilisha waya. Jumatano akafuta mistari yote kumi na miwili akaiandika upya. Alhamisi akapanda mwenyewe juu ya paa, na sketi yake na miaka yake arobaini na sita, kuangalia antena ambayo wala haikuhusika. Huyo Severine wa Feri alikuwa akipiga simu kila siku kuuliza kwa nini barua zake kwa wanunuzi wa Kariakoo hazifiki, na kila siku alikuwa na tusi jipya. Lilavati hakuuliza kitu. Alileta chai na kuondoka kwa kunyata, na ukimya huo ulimtisha Hyasinta kuliko barua yoyote. Alianza kuota lile shirika, ngazi zake, na wale watu wa vyuma chakavu.

Ijumaa asubuhi akafunga daftari, akavaa viatu, akatembea. Akapita Mnazi Mmoja, akakata mpaka Kisutu, akapanda hadi ofisi ya Vasant yenye kiyoyozi na zulia. Utsav akamwamkia vizuri, shikamoo, akampa kiti. Kijana hakuwa mbaya, tusimwonee. Alikuwa amelelewa kujua kwamba chumba cha Kariakoo ni cha shangazi asiyetajwa.

"Marahaba. Nionyeshe kumbukumbu za ruta yenu kubwa," Hyasinta akasema. "Sitaki njia. Nataka kuona inachokifanya ikipokea habari kutoka kwangu."

"Haipokei kitu."

"Nionyeshe tu, mwanangu."

Utsav akafungua. Mistari ikashuka, mingi, mirefu. Hyasinta alisogeza miwani akasoma kama alivyosoma vyote maishani mwake, mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Na huko chini akaukuta. Habari ilifika. Ilifika kila mara, tangu Jumatatu. Ruta ya Kisutu iliipokea, ikatazama namba iliyogongwa juu yake, ikasema: hii ni yangu mwenyewe, niliitoa mimi, imezunguka imenirudia. Ikaitupa bila kumwambia mtu.

"Hii ruta yenu," Hyasinta akauliza taratibu, "inaitwa nani?"

"Mia na moja, mara nne. Baba ndiye aliyetaka."

Hyasinta akakitazama kioo. Alitamani kucheka na alitamani kujipiga kofi. Siku nne amekagua waya, maagizo na antena, na swali ambalo aliliuliza kila asubuhi kwa miaka kumi na minane hakuliuliza. Kosa lake lilikuwa la mtu wa teleksi. Kule namba zilitolewa na posta, haziwezi kufanana hata ukitaka. Huku kila mtu alikuwa ruksa kujiita apendavyo, na ndugu wawili waliojificha mmoja kwa mwingine miaka tisa walikuwa wamejiita kitu kimoja.

Dawa yake ilikuwa ya dakika mbili. Abadilishe namba ya ruta yake, basi. Angeweza kuibadilisha kutoka kwenye kiti kile kile, Utsav angeshangilia, na Lilavati, asiyesoma vioo, asingejua hadi anakufa. Kazi ingepona. Hyasinta aliliwaza hilo, wala tusimsafishe, aliliwaza mpaka vidole vikasogea. Kisha akaomba simu, akapiga Sikukuu.

"Mama Lila, nimeipata," akasema. "Ruta ya kwa kaka yako ina namba sawa na yetu. Mia na moja. Lazima mmoja abadilishe."

Upande wa pili kikombe kikatua mezani kwa kishindo.

"Abadilishe yeye," Lilavati akasema. "Duka alichukua. Hii sitoi."

"Mama, kesho saa sita..."

"Najua kesho ni nini. Sitoi, Mama Ritha. Unisamehe."

"Sikulaumu, mama. Namba ya mama yako ni yako," akasema Hyasinta, akaiweka simu chini. Alipogeuka, Vasant alikuwa amesimama mlangoni.

Mzee mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alikuwa amesikia vya kutosha.

"Namba ya mama wa nani?" akauliza.

Hyasinta akasimama. Alijua anayesema naye ndiye atakayemshukuru kesho, na alijua kwamba akilifunika kosa lake hakuna atakayelifunua. Akalisema hata hivyo.

"Shikamoo mzee. Kosa la siku nne ni langu, mimi ndiye fundi na mimi ndiye sikuuliza jina. Ruta yenu inatupa habari zetu kwa sababu inadhani ni zake. Zote mbili zinaitwa mia na moja. Ya kwetu Mama Lila aliichagua tangu siku ya kwanza, akapasua na nazi. Aliniambia mama yenu alikuwa akiwawekea mia na moja kiganjani."

"Lila alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Na amekataa kuibadilisha."

Vasant akavuta kiti akakaa. Akakitazama kiganja chake cha kulia, akakifunga, akakifungua. Utsav akaona ndiyo nafasi ya kusaidia. Akaeleza kwamba Kisutu ndio mtandao mkubwa, una matawi kumi na moja, kwa hiyo anayepaswa kubadilisha ni Kariakoo, na tena kama kesho chumba kile kinafungwa, ubishi wote huu...

"Badilisha yetu," Vasant akasema.

"Baba, yetu ni kubwa..."

"Nimekusikia. Badilisha yetu. Mpe Lila ya mama." Akamgeukia Hyasinta. "Tuchague nyingine. Iishie na moja, tafadhali."

Wakachagua hamsini na moja. Hyasinta akapekua daftari lake lote kwanza, akahakikisha hakuna mwingine mwenye hiyo, akaiandika, ndipo akamruhusu Utsav abonyeze. Ruta ikazimika, ikawaka, ikakaa kidogo kama mtu anayevaa miwani. Kisha njia za Kariakoo zikaanza kuingia: Gerezani, Ilala, soko, Sikukuu yenyewe. Wateja arobaini, na mbele ya kila mmoja namba ya aliyemleta, mia na moja. Hyasinta alizihesabu zote, na machozi yalimtoka akiwa anahesabu, wala hakujisumbua kuyaficha.

"Sasa tunawaona wote kutoka hapa," Utsav akasema, kwa furaha tu, bila nia mbaya. "Kwa hiyo hata chumba kile..."

"Chumba kile kina mtu aliyesoma mpaka chini," Vasant akasema. "Wewe siku nne ulisoma wapi?" Akavuta simu karibu, akanyanyua mkono wa simu, akasita. Hakuwa na namba ya dada yake. Hyasinta akampigia.

Hakujua Kigujarati zaidi ya maneno ya chakula, kwa hiyo hatuwezi kusema walisemezana nini. Alisikia jina la Lila mara nyingi, na lake mwenyewe mara mbili. Alimwona mzee akiinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Yalichukua kama robo saa, na Utsav muda wote huo alikuwa anatazama zulia. Mwishoni Vasant akajifuta uso kwa kitambaa, akavuta pumzi, akazungumza Kiswahili.

"Kesho hafungi mtu. Chumba kinabaki, na fundi wake anabaki. Na kuanzia leo hakuna mtambo utakaopewa namba, wa huku wala wa kule, mpaka Mama Ritha ameuandika kwenye daftari lake. Utsav, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Hyasinta akarudi kwa miguu. Jua lilikuwa kali na wauza ndoo pale Mnazi Mmoja walikuwa wamefunga njia yote, na yeye hakuona kitu. Miaka minane tangu apunguzwe, hii ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu mwenye uwezo wa kumwondoa akisema anabaki. Alilirudia neno hilo kimoyomoyo mpaka Sikukuu. Akapanda ngazi mbili mbili.

Lilavati alikuwa amekaa kwenye kiti cha Hyasinta, simu bado ipo mapajani. Chai ilikuwa imepoa mezani. Hakuuliza habari za ruta, wala za chumba, wala za Jumamosi.

"Mama Ritha," akasema, kwa sauti ndogo ambayo Hyasinta hakuwahi kuisikia kwake. "Laini ilikuwa mbaya. Ilikuwa inakatika katika, inakwaruza. Nilikuwa nasikia kama mtu analia. Ilikuwa laini, au ilikuwa yeye?"

Hyasinta akaweka daftari mezani, akavuta kiti kingine, akakaa karibu yake.

"Laini ilikuwa nzima, mama. Nilikuwa nimesimama pale. Alikuwa yeye."